Kidole Kilichoungua Bila Kuuma

Mdogo wangu ni mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, huteremsha viazi kutoka Kibumba mpaka Goma. Mwaka juzi bati lilimkata kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole kidogo. Walimshona vizuri, kovu likakauka. Hakuna aliyemwambia apanue vidole. Jioni moja alikuwa anaipua sufuria ya sombe, nikanusa ngozi inaungua. Kidole kidogo kilikuwa kimelalia jiko, naye hana habari.

Ndipo nilipoanza kuuliza. Kumbe bati lilikuwa limekata na neva, ule uzi wa mwilini unaopeleka hisia na kuendesha misuli. Neva iliyokatika mkononi au mguuni inaweza kuota tena, tofauti na ya uti wa mgongo. Nyuzi zake husogea kama milimita moja kwa siku, zikitoka upande wa juu. Zikikosa njia, hupotelea ndani ya kovu na kujifunga fundo linalouma. Ncha zikikaribiana, daktari huzishona. Zikiachana, mara nyingi hukata neva ya mguuni ili azibe pengo, na ubavu wa unyayo hubaki na ganzi.

Siku hizi kuna kimrija laini, cha kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, au cha kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Ncha mbili huingizwa humo, nyuzi hufuata njia, na mwili hukiyeyusha wenyewe polepole. Kinafaa pengo fupi, lisilozidi sentimita 3 hivi.

Wapo wanaoniambia hayo ni ya Ulaya, sisi tungoje kwanza maji na barabara. Sikubali hata kidogo. Baada ya risasi zilizopigwa Goma mwezi wa kwanza 2025, nani anahitaji kimrija hicho kutuzidi sisi? Nataka kiwepo hapa, pamoja na darubini ya upasuaji na daktari aliyefundishwa kuitumia.

Lakini neva haingoji. Msuli uliokatiwa neva husinyaa, na ukipita mwaka na nusu hivi ni vigumu kuamka tena. Neva ikikatika kwapani, mpaka kiganjani ni kama sentimita 60: siku 600. Kila wiki ya kuchelewa inakatwa kwenye huo mwaka na nusu. Kwa hiyo anayeshona jeraha la mkono, hata kwenye kituo kidogo kabisa cha afya, aulize kabla ya sindano ya ganzi: panua vidole, unasikia nikikugusa hapa?

Mdogo wangu hakuulizwa. Vidole viwili vimejikunja, na upande wa kushoto wa usukani wa chukudu amezungushia kitambaa cha kitenge, mkono usiteleze kwenye mteremko.