Kaza Kidogo, Shemeji

Gita la waya mmoja halina siri. Unachukua kopo la bati la mafuta, lile la pembe nne la lita 5, unalitoboa juu na chini, mpini wa fagio unapita ndani na kutokeza sentimita 5 upande wa pili. Mvuto wa waya unabebwa na mti. Kazi ya bati ni kelele tu. Skrubu moja inashikilia mpini na kopo, la sivyo mti wa mviringo utazunguka kila ukikaza.

Waya ulikuwa uzi mmoja niliouchomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Nikaufunga kitakoni, ukapanda daraja la ubao linaloinua waya juu ya bati, ukaishia kwenye skrubu yenye jicho. Ukipenyeza msumari jichoni, unakaza. Urefu unaolia: sentimita 60.

Mpini ulikuwa wa fagio la dada. Ruhusa ilikuwa bado njiani.

Shemeji akaja, akaudonoa waya, akakunja uso. "Iko chini mno. Mimi naimbia juu." Akatoa "aaaa" ya kuonyesha, oktavi nzima, yaani kutoka do hadi do ya juu, kupita sauti ya waya.

"Shemeji, kupanda oktavi kwa waya huohuo na urefu huohuo, mvuto lazima uwe mara nne. Tusogeze daraja zibaki sentimita 30, yaishe."

"Kaza kidogo."

Nikakaza. Mpini ukaanza kupinda.

"Kidogo tena, shemeji. Aaaa!"

Mwishowe akaninyang'anya msumari, akakaza mwenyewe huku anaimba. Uzi wa breki ni chuma, haukatiki kirahisi, na hapo ndipo balaa lilipo: kadiri mvuto unavyopanda, ndivyo daraja linavyokandamizwa kwenye bati. Kibao cha kutandaza uzito chini ya daraja nilikuwa bado nakichonga. Bati likabonyea, bwang! Daraja likachomoka, likampata kwenye jino akiwa katikati ya "aaaa". Ile sauti ikapanda oktavi ya pili, bila kukazwa.

"Nani kaning'olea mpini wa fagio langu?"

Shemeji, mkono mdomoni, akanyoosha kidole kwangu.

Dada akavuta, skrubu ikagoma. Wala hakubishana nayo. Zile sentimita 5 zilimtosha kuchomeka kichwa cha fagio, akafagia ua mzima na kopo lake, waya umelegea, kila mfagio mmoja unalia *bvuum*.

"Iko chini mno," shemeji akalalamika.