Ukaguzi wa lazima wa magari: gari gani likaguliwe, na anayekagua akaguliwe na nani

Kila mwenye gari anaijua hali ya tarehe ya ukaguzi kukaribia. Ghafla unaanza kusikia kila mlio ambao mwaka mzima ulikuwa huusikii, unampigia fundi, unabadilisha balbu ya taa ya nyuma iliyoungua zamani, unaazima pembetatu ya kuakisi mwanga, halafu ukishapata stika maisha yanaendelea kama kawaida. Sasa swali ambalo watu wanabishana nalo ni hili, je ule usumbufu wote unaokoa mtu yeyote au ni njia tu ya kukusanya hela?

Niseme mapema msimamo wangu ili nisizunguke sana. Mi naona ukaguzi una maana, ila siyo kwa kila gari kwa kipimo kimoja, na siyo pale ambapo hakuna mtu anayemkagua mkaguzi. Wanaotaka ufutwe wana hoja nzito kuliko tunavyowapa heshima, kwa hiyo nianze na wao.

Ushahidi wao mkubwa unatoka Norway. Mwaka 1992 mtafiti Fosser alichapisha matokeo ya jaribio ambalo mpaka leo ni gumu kulipita: magari 204,000 yaligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likakaguliwa kila mwaka kwa miaka mitatu, lingine likakaguliwa mara moja tu, la tatu halikuitwa kabisa. Yale yaliyokaguliwa hali yake ya kiufundi ikawa bora. Ajali je? Hakuna tofauti iliyoonekana. Mwaka 2007 Christensen na Elvik wakalirudia swali hilo hilo hukohuko Norway kwa njia nyingine, wakakuta jambo la kushangaza kidogo, kwamba gari lenye kasoro linahusishwa na ajali nyingi zaidi, na ukaguzi unapunguza kasoro kwa kiasi kikubwa, lakini ukija kuupima ukaguzi wenyewe na ajali huoni kitu. Marekani nako New Jersey walifuta ukaguzi wa usalama wa magari binafsi mwaka 2010, na wachumi Hoagland na Woolley walipochambua takwimu za kabla na baada hawakuona ongezeko la maana la ajali zinazotokana na ubovu wa gari. Utah wakafuta 2018. Texas ikafuta kuanzia tarehe 1 Januari 2025, na hapo kuna kitu kinaniuma, ukaguzi wa usalama umeondoka ila ada ya dola 7.50 imebaki, mwenye gari anaendelea kuilipa chini ya jina jingine. Ukiona hivyo huwezi kumlaumu mtu anayesema shida tangu mwanzo ilikuwa ni mapato.

Kwa hiyo hoja imekwisha? Hapana, na hapa naomba tuwe wavumilivu maana ndo penye utamu wa jambo lenyewe.

Cha kwanza, tuangalie ukubwa wa kitu tunachokitafuta. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba ajali 5 katika kila 100 zina mkono wa ubovu wa gari, na ukaguzi unaondoa theluthi moja ya ubovu huo. Umepunguza ajali chini ya 2 katika 100. Mwaka huo huo mvua imenyesha zaidi, bei ya mafuta imepanda watu wakapunguza safari, polisi wameongeza doria, barabara mbili zimetiwa lami mpya, sasa hizo ajali 2 utazionea wapi? Kutoiona athari siyo sawa na kuthibitisha kwamba haipo. Ila pia nikubali upande wa pili, kitu ambacho hata ukipima magari laki mbili hukioni hakiwezi kuwa kikubwa kiasi kile tunachoambiwa na wanaouza huduma ya ukaguzi.

Cha pili ni tabia za watu. Mwenye gari lenye breki mbovu mara nyingi ni yule yule asiyejali mambo mengine pia, anakimbiza, anaendesha na usingizi, hafungi mkanda. Ukimlazimisha abadilishe breki umetengeneza gari, dereva umemwacha vile vile. Tena mwingine akishajua gari lake liko vizuri ndo anaongeza mguu.

Halafu kuna ile takwimu inayorushwa kila mjadala huu ukianza, kwamba asilimia 94 ya ajali ni makosa ya dereva na gari lina asilimia 2 tu. Imetoka kwenye utafiti wa wizara ya usafirishaji ya Marekani wa ajali za 2005 hadi 2007, muhtasari wake ukatoka 2015. Watu wanaitumia vibaya sana hii namba. Ripoti yenyewe inasema kile walichokiita sababu ya msingi ni tukio la mwisho tu kwenye mnyororo wa matukio, na isichukuliwe kwamba ndo chanzo cha ajali au lawama. Na pia wanakiri kwamba gari halikufunguliwa kuchunguzwa ndani, walitegemea zaidi vinavyoonekana kwa nje, ndo maana katika zile chache walizozihesabu upande wa gari, matairi yalikuwa kama asilimia 35 na breki kama asilimia 22. Fikiria dereva kachelewa nusu sekunde kukanyaga breki. Gari lenye breki nzima linasimama hatua mbili kabla ya mtoto anayevuka, lenye breki zilizochoka halisimami. Kwenye karatasi wataandika uzembe wa dereva, na hawajasema uongo, ila breki imepotea kwenye hesabu.

Ndo maana mi ile hoja nyingine ya wanaotaka ufutwe, kwamba "dereva anajua gari lake" sinunui. Dereva hajui. Breki zinapungua kidogo kidogo kila wiki na mguu unazoea, unakanyaga ndani zaidi bila kugundua, mpaka siku unapoendesha gari la mtu mwingine ndo unashtuka. Mashine ya rola inapima nguvu ya breki kila tairi peke yake, na mara nyingi inakuta upande mmoja unakamata na mwingine umelala, kitu ambacho kwenye mwendo wa kawaida mtaani hukihisi, ila siku ukikanyaga kwa nguvu kwenye maji gari linavuta upande. Boli jointi na tairodi endi, yaani viungo vya magurudumu na usukani, zikilegea unasikia mlio mdogo unaozimwa na redio. Kutu kwenye chasisi hulali chini kuiangalia.

Na mafuta ya breki ndo kabisa. Yanavuta unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limepaki. Mafuta ya DOT 4, aina moja ya mafuta ya breki, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 155. Kwenye safari fupi za mjini hutoona tofauti yoyote, kwenye mteremko mrefu ukiwa umebeba mzigo breki zinapata moto, mafuta yanachemka, kunakuwa na mvuke kwenye mipira na pedali inazama mpaka chini. Mkaguzi anayechungulia tu kama mafuta yamefika mstari kwenye kikopo hatalijua hilo, kwa hiyo tukisema ukaguzi ni muhimu tuulize pia unakagua nini hasa.

Magari ya abiria na malori mi nayatoa kabisa kwenye ubishi huu. Zile tafiti za Norway na New Jersey zinazungumzia magari madogo ya watu binafsi, na hata Texas walipofuta, magari ya biashara waliyabakiza. Lori la tani nyingi linashuka mlima kwa breki za upepo ambazo ajasta zake, vile vya kurekebisha breki zikilika, zimeachia, kwenye tambarare linasimama fresh kabisa, kwenye mteremko hakuna kitu. Na aliyepanda basi hana namna ya kujua hali ya breki, hakuchagua fundi, hakuchagua spea, kalipa nauli akakaa. Umoja wa Ulaya wana kanuni mbili za mwaka 2014 ambazo mi naona zinaeleweka: gari binafsi likaguliwe angalau baada ya miaka 4 ya kwanza kisha kila miaka 2, ila magari mazito na ya biashara ya abiria kila mwaka, na juu yake kuwe na ukaguzi wa kushtukiza barabarani unaofikia asilimia 5 ya idadi ya magari makubwa yaliyosajiliwa. Huo wa kushtukiza ndo unaotisha kweli, kwa sababu wa tarehe maalum kila mtu anajiandaa. Kuna watu wanakodi matairi mazuri kwa ajili ya siku moja, wanapita, jioni wanarudisha vipara vyao.

Hapo tunafika kwenye shida kubwa kuliko zote kwa maoni yangu, mkaguzi mwenyewe. Pale ambapo gereji moja inakagua na kutengeneza, kama ilivyo Uingereza kwenye magereji mengi ya MOT (ndo jina la ukaguzi wa lazima huko), kuna kishawishi cha kukuta ubovu usiokuwepo ili wakuuzie spea. Pale ambapo ukaguzi na matengenezo vimetenganishwa, kishawishi kinakuwa kingine, foleni ndefu na bahasha. Uholanzi wamejaribu njia ambayo mi naipenda, magereji yanaruhusiwa kukagua na kutengeneza, lakini mamlaka inachagua kwa kushtukiza takribani asilimia 3 ya magari yaliyokwisha kukaguliwa na kuyapima upya pale pale, gereji haijui ni lipi litachaguliwa, na ikikutwa inapitisha mabovu inaweza kupoteza kibali. Bila kitu kama hicho stika ni karatasi tu, na tena karatasi ya hatari, maana abiria na mnunuzi wanaiamini.

Kuhusu mnunuzi kuna faida moja haiingii kwenye hesabu za ajali kabisa na watu wa kufuta hawaitaji. Uingereza mtu yeyote akiwa na namba ya gari anaweza kuangalia mtandaoni historia yake ya MOT, lilifeli lini, kwa nini, na odomita (mita ya umbali) ilisoma ngapi kila ukaguzi. Kurudisha nyuma odomita kunakuwa kugumu. Anayenunua gari lililotumika kwa akiba yake yote analindwa na hiyo rekodi kuliko maneno ya dalali.

Sasa gharama, na hili siyo dogo. Ada ya ukaguzi ni ile ile kwa tajiri mwenye gari jipya na kwa anayeendesha gari la miaka 20 kwenda kazini, ila matengenezo baada ya kufeli yanamwangukia huyu wa pili karibu yote. Akishindwa kulipa anafanya moja kati ya mawili, anaacha gari na pengine kazi nayo, au anaendesha bila stika, na bila stika bima inaweza kuleta matatizo, kwa hiyo siku akigonga mtu, yule aliyeumia ndo anakosa fidia. Kumfelisha mtu kwa ufa wa kioo usioziba macho au balbu ya namba ya gari ni kumwonea. Uingereza tangu Mei 2018 wanagawa kasoro kuwa za hatari, kubwa na ndogo, ile ndogo unaandikiwa ila unapita, na mi naona ndivyo inavyotakiwa, breki, usukani, matairi na chasisi hakuna msamaha, hayo mengine apewe muda.

Kingine kinachonisumbua ni kwamba sheria nyingi zinahesabu miaka wakati vyuma vinahesabu kilomita. Teksi inaweza kutembea kwa miezi michache umbali ambao gari la mstaafu halitembei miaka mitano. New Zealand mwaka 2014 waliyatoa magari yaliyosajiliwa kuanzia 2000 kwenye ukaguzi wa kila miezi sita wakayapeleka kila mwaka, ni hatua nzuri kwa sababu walikubali kwamba magari hayafanani, ila bado ni kalenda. Kilomita zipo kwenye rekodi, kwa nini zisitumike kupanga tarehe? Magari ya umeme nayo yanakuja na mambo yake, ni mazito, yanakula matairi, na kwa kuwa mota ndo inayopunguza mwendo muda mwingi, diski za breki zinakaa bila kazi zinaota kutu, na siku ya dharura ndo unazihitaji.

Kwa hiyo ningeambiwa nipange mimi, gari binafsi jipya ningeliacha miaka minne bila kuligusa, la zamani au linalotembea sana ningeliita mara nyingi zaidi, ada ya kurudia kukagua ningeifuta kwa anayerudi ndani ya muda aliopewa, na nguvu kubwa ya wakaguzi ningeitoa kwenye yadi nikaipeleka barabarani kwenye mabasi na malori, usiku pia, bila taarifa. Na basi likianguka breki zikiwa zimekufa, uchunguzi uanze na nani alisaini ukaguzi wa mwisho, lini, na alipima kwa mashine gani, kabla hatujafika kwa dereva.