Turbini ndani ya kompyuta: tuipangie kasi au tuuachie upepo?

Wahandisi wanaoiga turbini za upepo kwa programu za mtiririko wa hewa, ziwe za bure kama OpenFOAM au za leseni kama ANSYS Fluent, hugawanyika mapema kwenye jambo moja. Wapo wanaoiambia programu kasi ya rota, yaani sehemu inayozunguka pamoja na mapanga yake, tuseme mizunguko 72 kwa dakika, kisha wanakokotoa nguvu ambayo hewa inayatia mapanga. Wengine hawataji kasi yoyote. Wanaingiza upepo, wanaipa rota inesha yake, yaani ukaidi wake wa kubadili mwendo, halafu wanaiacha ianze kuzunguka yenyewe.

Njia hii ya pili inavutia, na mvuto wake si wa bure. Uwanjani hakuna anayeisukuma turbini kwa mkono. Upepo ukivuma inaanza, ukikatika inasimama. Anayepanga kasi hushutumiwa kwamba ameweka jibu kabla ya swali, maana hata mapanga mabovu yatazunguka vizuri kwenye skrini yake kwa kuwa ameyaamrisha.

Shutuma hiyo ni ya haki kwa nusu tu. Mapanga mabovu yatazunguka, ndiyo, lakini namba zitasema: nguvu ya kuzungusha itatoka ndogo, na ikitoka hasi, rota imegeuka feni na inakula nishati badala ya kuivuna. Hesabu ikirudiwa kwa kasi kadhaa, unapata mchoro unaoonyesha ni kasi gani inayochota sehemu kubwa zaidi ya nishati ya upepo, na unaweza kuulinganisha na kikomo cha Betz cha asilimia 59.3, yaani sehemu kubwa kabisa ya nishati ya upepo ambayo turbini inaweza kuichota. Mchoro ukivuka hapo kwenye upepo ulio wazi, tafuta kosa kabla ya kutafuta mwekezaji.

Tatizo kubwa la kuuachia upepo ni mzigo, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapopotea. Rota huongeza kasi mradi nguvu inayoizungusha inazidi nguvu inayoipinga. Kama jenereta haikuwekwa kwenye hesabu, hakuna cha kuipinga isipokuwa hewa yenyewe, kwa hiyo kasi itapanda mpaka wastani wa nguvu ya kuzungusha ufike sifuri. Sasa, umeme unatokana na nguvu hiyo ikizidishwa kwa kasi. Sifuri mara kasi yoyote ni sifuri. Ni kukanyaga pedali za baiskeli iliyokatika mnyororo: miguu inakwenda mbio kweli, safari hakuna. Video ya rota inayozunguka hivyo ikiwekwa kwenye ripoti kama ushahidi wa ubora, inapotosha hata kama kila mlinganyo umetatuliwa sawasawa.

Kuna jaribio ambalo kila mtu wa fani hii anapaswa kulijua. Mwaka 2000, maabara ya Marekani ya nishati jadidifu, NREL, iliweka turbini ya mapanga mawili, yenye kipenyo cha takriban meta 10, ndani ya handaki la upepo la NASA Ames huko California, lenye mdomo wa meta 24.4 kwa 36.6. Wataalamu wa taasisi mbalimbali walitakiwa kukadiria matokeo bila kuonyeshwa vipimo. Hata kwenye upepo mpole, ambapo hewa bado inafuata uso wa mapanga bila kubanduka, makadirio ya nguvu yalitawanyika kutoka asilimia 25 hadi 175 ya kilichopimwa. Kwenye upepo mkali, kutoka 30 hadi 275. Miongoni mwa waliokaribia vipimo ni wale wa maabara ya Risø, Denmark, waliotatua milinganyo ya Navier na Stokes, ile ya msingi ya mwendo wa hewa, kwa programu yao EllipSys3D, tena kwa rota iliyopangiwa kasi. Kwa turbini ile kupanga kasi kulikuwa halali kabisa, kwani yenyewe ilijengwa izunguke karibu na 72 kwa dakika wakati wote.

Kwa hiyo hoja ya uhalisia inategemea mashine yenyewe. Turbini 365 za Ziwa Turkana, za aina ya Vestas V52, hazizunguki vyovyote upepo upendavyo: mfumo wa udhibiti hugeuza mapanga na kuongoza jenereta ili kasi ibaki inapotakiwa. Ukiiga mashine ya namna hiyo kwenye upepo tulivu ukaipangia kasi ambayo mfumo huo ungeichagua, hujadanganya chochote.

Mambo hubadilika kwa turbini ndogo za wima, zinazozunguka kwenye mhimili uliosimama. Darrieus, yenye mapanga membamba kama bawa la ndege, inasifika kwa ufanisi ikishachanganya, lakini kwenye kasi ndogo upepo huyapiga mapanga yake kwa pembe kali, hewa hubanduka, na rota huweza kukwama kabla haijafika inapofaa. Savonius, yenye mapanga ya umbo la nusu pipa, huanza kwa urahisi zaidi, ingawa ina mikao ambapo nguvu ya kuanzia hushuka mno. Ukiipangia kasi rota ya aina hizi, umeliruka swali ambalo mnunuzi atakuuliza kwanza: itaanza yenyewe? Hapo naunga mkono kuuachia upepo bila kusita.

Gharama yake ni kubwa, lakini. Ukisogeza rota digrii moja kwa kila hatua, mzunguko mmoja ni hatua 360, na mizunguko 100 ya kuanzia ni hatua 36,000, kila moja ikitatuliwa kwenye wavu wa mamilioni ya vyumba, yaani vipande vidogo ambamo programu huigawa hewa. Wengi hukimbilia wavu wa pande mbili ili kuokoa muda, na wavu huo hausemi lolote kuhusu hewa inayovuja kwenye ncha za mapanga. Wengine hupunguza inesha ili rota iamke haraka, wakaishia kuiga kuanza kwa mashine ambayo hawataijenga.

Kwa anayebuni turbini ya wima ya shamba au ya paa, ningeanza na kasi za kupanga mpaka mchoro wa nguvu utulie. Kisha ningeiachia rota kwa upepo mmoja au miwili ya chini, nikiwa nimeweka inesha halisi, msuguano wa beringi, na mvuto wa sumaku za jenereta, ambao mara nyingi ndio unaoizuia rota ndogo kuamka. Vipimo vya msuguano na mvuto huo hupatikana mezani kwa mizani ya springi na mkono wa chuma wenye urefu unaojulikana. Visipokuwepo, ripoti iseme waziwazi kwamba rota haikubeba mzigo, na safu ya umeme iachwe tupu.