Mshereheshaji Huandikwa Mstari wa Mwisho

Katika karatasi ya bajeti ya harusi ya Dar es Salaam, ukumbi huandikwa wa kwanza, chakula hufuata, kisha vinywaji, mapambo, keki, gari la maharusi, picha na video, matarumbeta, na huko chini kabisa, baada ya maji ya meza kuu na kabla tu ya neno "dharura", huandikwa mshereheshaji. Karatasi hizo nimezisoma kichwa chini miguu juu, nikiwa nimeketi upande wa pili wa meza kwenye baa za Sinza na Tabata, nikijifanya natazama mpira. Mara nyingi mbele ya kazi yangu huwa pameandikwa laki nne, ikakatwa kwa kalamu nyekundu, ikaandikwa laki mbili, nayo ikakatwa, na pembeni katibu akaongeza kwa mwandiko mzuri kabisa: "Tutamtumia shemeji."

Shemeji huyo sijapata kukutana naye, lakini yupo katika kila ukoo wa jiji hili. Sifa yake ni moja tu, kwamba anachekesha sana akiwa baa. Hakuna kamati iliyowahi kupendekeza kwamba keki aoke shemeji kwa sababu anapenda maandazi, wala kwamba video apige shemeji kwa sababu macho yake ni mazima. Kipaza sauti pekee ndicho ambacho kila mtu anaamini anaweza kukishika, na kwa kweli kukishika anaweza. Shida huanza pale anapotakiwa kukiachia.

Wenzetu wa zamani hawakuijua adha hii. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki wake alikuwa mwajiriwa, na bendi za polisi na za mashirika zilizokuwapo enzi hizo nazo zilikuwa na watu wa mshahara, kwa hiyo mpiga saksafoni alijua kwamba mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi, harusi ziwepo au zisiwepo. Sisi wa leo, washereheshaji, madijei, wachekeshaji na wapiga matarumbeta, kila mmoja ni shirika zima peke yake. Mkurugenzi ni mimi, mhasibu ni mimi, na idara ya usafiri ni bodaboda wa hapo kona ambaye namdai mzaha na yeye ananidai nauli.

Sasa nieleze kazi inavyopatikana, maana wapo vijana wanaodhani inapatikana kwa kipaji. Katika kikao cha kamati, wakifika kwenye mstari wa mshereheshaji, mama mmoja huuliza: "Hivi yule MC wa harusi ya mtoto wa mama nanihii alikuwa nani?" Jina hakuna anayelikumbuka. Mmoja atasema ni yule mrefu, mwingine atasema ni yule aliyewatoa wazee machozi, kisha mtu atatamka neno la maana, "yule mwenye koti la dhahabu," na hapo wote wataitikia. Koti hilo ni langu. Nililishonesha Kariakoo, kitambaa chake hakipitishi hewa hata kidogo, na mwezi wa pili, kwa joto la jiji hili, huwa navuja jasho humo ndani mpaka soksi zinalowa. Lakini koti lina umaarufu kuliko mimi, na nimelikubalia heshima yake, kwa sababu mtu anayeajiriwa ni yule anayeweza kuelezwa kwa maneno matatu na watu wasiojua jina lake.

Kinachoniudhi zaidi ni jirani yangu, ambaye naye ni mshereheshaji, na ambaye mzaha wake wa mwisho kuchekesha ulikuwa wa bahati mbaya, alipojikwaa kwenye waya wa spika. Jirani huyu ana kazi kila Jumamosi. Nilimchunguza kwa wivu wa kawaida wa jirani, nikagundua siri yake: anatangaza chakula saa tatu usiku, hata kama baba mkubwa wa bwana harusi hajamaliza kutambulisha ukoo wake. Mpishi, ambaye kwa shughuli nyingine huwa amesimama nyuma ya masufuria akitazama pilau yake ikipoa huku mshereheshaji akisimulia kisa cha ndoa yake mwenyewe, humwona jirani yangu kama malaika. Kabla ya kuamuru keki ikatwe, jirani humngoja mpiga video asimame mahali pake. Dijei akikosea wimbo hamkemei mbele ya wageni, bali husema "tunaandaliwa jambo". Na ukumbi wake hufungwa kwa wakati, bila meneja kuja kuzimazima taa ili watu waelewe.

Kwa hiyo mteja akifika kulipia ukumbi na kumwuliza meneja kama anamfahamu mshereheshaji mzuri, anatajwa jirani. Akienda kwa mpambaji, anatajwa jirani. Mpishi naye, kabla hata hajaulizwa, anamtaja jirani. Mimi ninayewafanya watu waanguke kwenye viti kwa kucheka nimekuwa nikitajwa na hao walioanguka, na hao hurudi makwao wakasahau, kwa kuwa harusi nyingine kwao ni mpaka mwakani, wakati mpishi ana harusi nyingine wiki ijayo. Tangu nilijue hilo nimekuwa mtu wa kumsalimia mpishi kabla ya wazazi wa bibi harusi. Chakula kwangu sasa ni saa tatu kasorobo.

Mpwa wangu, ambaye amesomea masoko chuoni na anakula kwangu, aliniambia: "Mjomba, tatizo lako hauonekani mtandaoni." Nilimjibu kwamba nina uzito wa kutosha kuonekana popote. Akaniomba video nilizonazo, nikampa, akazitazama zote kwa subira ya daktari. Katika moja alionekana mgongo wa shangazi wa mtu akipita na sahani, na mimi nikisikika kwa mbali kama tangazo la stendi. Katika nyingine nilikuwepo kuanzia kiunoni kushuka. Mpwa akasema kwamba kamati haitaki kumwona mshereheshaji akiongea, inataka kuwaona wageni wakicheka, wakisimama, wakitoka kuserebuka kuelekea meza kuu. Na kwamba video ya nusu dakika yenye sura za wageni, jina langu, eneo ninakoishi na namba ya simu ina kazi kuliko ya nusu saa yenye mimi. Ilinibidi nikubali kwamba ada yake ya chuo haikwenda bure yote.

Alisema pia kwamba lazima nijibu ujumbe haraka. Hapa tuligombana kidogo, kwa kuwa watu wa kamati hutuma ujumbe saa tano usiku, baada ya bia, na huutuma ujumbe uleule kwa washereheshaji wote waliomo kwenye simu zao. Lakini mantiki yake haipingiki. Anayejibu kwanza akitaja tarehe, bei na kitakachokuwemo ndani ya bei hiyo ndiye anayejadiliwa kwanza. Wanaojibu "karibu sana, tutaongea" hawajadiliwi kabisa, kwa sababu katibu hana cha kuandika kwenye karatasi.

Kuhusu bei nitasema kwa uchungu. Mteja wa Dar es Salaam huuliza "bei yako ya mwisho ni ipi?" kabla hajaulizia ya kwanza. Kisha hukueleza kwamba ni shughuli ndogo tu ya kifamilia, na siku ukifika unakuta familia hiyo ina viti mpaka nje ya geti. Nimejifunza kwa jirani, ambaye kwa bahati mbaya ana akili, kutopunguza bei bila kupunguza kitu. Mteja akitaka laki ishuke, basi spika zangu zinabaki nyumbani, au nami naondoka mara zawadi zikiisha kutolewa. Na kianzio ni lazima kilipwe ndipo tarehe iandikwe kwenye daftari, pamoja na karatasi ya makubaliano yenye saa ya kuanza, saa ya kumaliza na siku ya kumalizia malipo. Siku hiyo, kwa ushauri wangu, iwe kabla ya shughuli, kwa sababu baada ya shughuli mweka hazina huwa haonekani. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 niliamini kwamba kile kisingizio cha "hela iko benki na benki zimefungwa" kimezikwa rasmi. Kumbe kilikuwa kinampisha mdogo wake aitwaye "mtandao unasumbua".

Halafu kuna kalenda. Zamani Kwaresima ikifika, Wakristo wakaacha sherehe, tulijishikiza kwa ndoa za Waislamu. Ramadhani ikifika, tulijishikiza kwa Wakristo. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zikaanza wiki moja, na mwaka 2026 zikarudia tena. Sina ugomvi na ibada, mimi mwenyewe nafunga, ingawa katika kipindi hicho hata asiyefunga, akiwa mshereheshaji, hujikuta amefunga. Aliyetupa uhai ni mkuu mmoja wa shule aliyetukumbuka kwenye mahafali. Shule nyingi hufanya mahafali ya kidato cha nne kabla ya mitihani ya Novemba, tena mchana, tena siku ambazo maharusi hawazitaki, na mzazi mwenye binti anayehitimu leo ana kaka yake anayeozesha mwezi ujao. Vivyo hivyo maonyesho ya Saba Saba pale Barabara ya Kilwa: kampuni zenye mabanda zinahitaji mtu wa kuwasimamisha wapita njia, kazi ambayo haina keki wala machozi, lakini inaendelea kwa siku nyingi mfululizo.

Kampuni, hata hivyo, si shangazi. Shangazi hukulipa noti zilizokunjwa kwenye pindo la khanga, zikiwa na vuguvugu. Kampuni hukuomba namba ya mlipakodi, ankara na risiti ya mashine, hukuuliza kama umesajiliwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, kisha husema malipo "yapo kwenye mchakato". Vijana wengi hukimbia hapo, na ndiyo sababu nashauri wasikimbie, kwa kuwa mwenye makaratasi yake tayari kwenye bahasha hupewa kazi hata kama mzaha wake ni wa mwaka juzi. Mzaha wenyewe huko hauhitajiki sana. Mkurugenzi akitaniwa, wafanyakazi humtazama kwanza usoni ili wajue kama wana ruhusa ya kucheka.

Jambo moja ambalo jirani hanishindi ni majina. Siku kadhaa kabla ya shughuli mimi huenda kwa familia zote mbili na daftari, nikaandika nani ni nani, nani ni marehemu, nani hasalimiani na nani, na jina la Kihaya au la Kichaga linatamkwaje na wenyewe. Nimemwona mshereheshaji mwenye sauti ya redio akimkaribisha mama mzazi wa bwana harusi kwa kumwita bibi yake. Ukumbi ulinyamaza hata feni zikasikika. Yule mama alisimama, akapunga mkono, akaketi, na kwa nguvu zilizomo katika vikundi vya kina mama vya jiji hili, kijana yule sasa anauza vifaa vya simu.

Na hao kina mama ndio kamati yenyewe. Kitchen party wanaume hatuingii, lakini ndiko mshereheshaji wa harusi anakoamuliwa, baina ya vyombo na mawaidha. Kwa hiyo wakala wangu ni mke wangu. Huko huketi na kusema, kama mtu asiye na haja, "mimi nilisikia kuna mmoja ana koti la dhahabu." Kazi zimeongezeka, siwezi kukataa. Ila kila anapokwenda kunitangaza sharti ashone sare, na kitenge cha sare hakivaliwi mara mbili, hivi kwamba kabati letu lina matangazo yangu ya rangi zote na mimi ninavaa koti lilelile.

Wiki iliyopita mpango huo ulizaa matunda. Mwenyekiti wa kamati moja ya Mbezi alinipigia, akanikubalia bei yangu bila kuomba ya mwisho, nikaogopa. Nilipofika kikaoni nikakaribishwa kwa heshima zote, nikapewa soda, kisha nikakabidhiwa kadi ya mchango, ya watu wawili. Niliwaeleza kwa adabu kwamba mimi ni mtoa huduma. "Tunajua, baba," akasema mweka hazina, "lakini ukishakuja kikaoni wewe ni mwanakamati. Usihangaike kutuma, tutaukata kwenye malipo yako." Tena wakaukata kwenye kianzio. Kikao kijacho ni Jumapili saa kumi, na nimeombwa nifike mapema na daftari langu, kwa sababu katibu amesafiri na mwandiko wangu wameuona ni mzuri.