Dakika za maswali zimekwenda wapi?

Juzi nilikaa tena kwenye kiti changu cha siku zote, safu ya nyuma karibu na mlango, nikisikiliza mada ya utafiti kuhusu kumbukumbu. Mtoa mada alikuwa anazijua slaidi zake kama vidole vyake, tatizo zilikuwa nyingi mno. Ilipofika robo ya mwisho akaanza kuziruka tatu-tatu: "hii tuiache, hii nayo mtaisoma wenyewe." Mwenyekiti wa kikao anagonga saa yake kwa kidole. Tukabakiwa na dakika nne. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulitoka safu ya mbele, wa mzee mwenye heshima zake, akapewa kipaza sauti. "Mimi sina swali, nina mchango."

Dakika nne zikaishia hapo.

Nimehudhuria mada za saikolojia na sayansi ya neva, yaani ya ubongo na mishipa ya fahamu, miaka mingi, na hii siiti bahati mbaya tena. Ratiba husema saa moja: dakika arobaini na tano za kuzungumza, kumi na tano za maswali. Kila mtu anajua hizo kumi na tano ni akiba ya kukopwa, na wakopaji wake hawarudishi. Mimi nasema tunakopa mahali pabaya. Katika fani hizi mbili, maswali ndiyo kazi yenyewe. Yanayotangulia ni utambulisho.

Chukua picha ya ubongo, ile ya kijivu yenye doa jekundu la kuonyesha sehemu inayofanya kazi, ambayo ikitokea ukutani ukumbi mzima hunyamaza. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walipeleka kwenye mkutano wa kisayansi bango la utafiti lisilosahaulika. Walimweka samaki aina ya samoni ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka aseme watu hao wana hisia gani. Samaki alikuwa amekufa. Hata hivyo, kwa hesabu zilizofanywa bila uangalifu, sehemu ndogo ya ubongo wake "ikawaka". Sababu haina uchawi: picha ya ubongo hugawanywa katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja hupimwa peke yake, na ukipima mara nyingi kiasi hicho lazima vichache viwake kwa bahati tu, mpaka urekebishe hesabu zako. Mwaka 2012 kazi hiyo ikapata tuzo ya Ig Nobel, ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha, na watu wakacheka. Lakini swali linalotoka kwa yule samaki linaulizwa kwa sekunde tano: "Mlirekebishaje kwa wingi wa vipimo?" Nimelisikia likiulizwa mara chache, na nimeona uso wa mtoa mada ukibadilika kabla hajajibu.

Na wanaolihitaji zaidi swali hilo ndio wasiopewa nafasi. Mwaka 2008 Deena Weisberg na wenzake walionyesha kwamba maelezo mabovu kuhusu tabia za watu huonekana ya kuridhisha zaidi yakinyunyiziwa maneno ya ubongo, hata kama ubongo hauhusiki kabisa na hoja. Walionasa ni watu wa kawaida pamoja na wanafunzi waliokuwa wakisoma somo la neva. Wataalamu hawakunasa. Sasa angalia ukumbi wowote: wataalamu wako mbele wakitoa michango, wanafunzi wako nyuma wakinakili.

Mimi nami nilinakili. Kuna wakati karibu kila mada ya saikolojia jamii ilikuja na habari ya utashi kuwa kama mafuta ya taa: ukijizuia na jambo moja, yanapungua kwa jambo la pili. Nilikuwa na kurasa nzima za habari hiyo kwenye daftari, na sikumbuki kuinua mkono hata mara moja. Mwaka 2016 maabara 23 zikajaribu kwa pamoja kurudia jaribio la aina hiyo, washiriki zaidi ya 2,000, na zikapata tofauti iliyokaribia sifuri. Mwaka mmoja kabla, watafiti walikuwa wamerudia tafiti 100 za saikolojia, na ni asilimia 36 tu za marudio hayo zilizopata tokeo lenye uzito wa kitakwimu, yaani lisiloelekea kuwa la bahati tu. Tafiti zile za awali ziliwahi kusimama mbele ya watu wakazipigia makofi, na nina hakika baadhi yetu tulikuwa na wasiwasi tukaumeza ili tusionekane wajinga. Kuuliza si ujinga, wanasema. Anayesema hivyo kwa kawaida ndiye mwenye kipaza sauti.

Kuna kipimo cha hili. Alecia Carter na wenzake walihesabu nani anauliza katika mada 247 za vyuo, nchi 10, wakachapisha mwaka 2018. Uwezekano wa swali kuulizwa na mwanamume ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa kuulizwa na mwanamke. Kilichonikaa zaidi ni kwamba swali la kwanza likiulizwa na mwanamume, pengo hupanuka. Yaani mwenyekiti anapomchagua wa kwanza, amekwisha kupanga robo saa nzima, mara nyingi bila kujua. Basi ampe mwanafunzi. Atangaze mapema kwamba swali la kwanza ni la wanafunzi, asubiri kimya kipite hata kama kinauma, na mwenye mchango auandike kwa barua pepe.

Watoa mada nao wapunguze slaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa ubongo David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wakimwonyesha paka nukta nyeusi, wakisikiliza kwa kifaa mlio wa umeme wa seli moja ya ubongo wake, na seli haikujali nukta. Ikaanza kufyatuka walipokuwa wakiingiza slaidi ya kioo kwenye projekta: kilichoiamsha ni kivuli chembamba cha ukingo wa kioo kikipita mbele ya macho. Walipata Nobel mwaka 1981. Leo tungeambiwa "seli hujibu mistari," slaidi moja, twende mbele. Saa zote za kuhangaika na nukta zingefutwa, na huko ndiko mwulizaji hupata pa kushika.

Juzi, baada ya makofi, msichana wa shahada ya kwanza alinifuata kwenye korido akaninong'oneza: kundi la pili lilipimwa jioni na la kwanza asubuhi, je, si uchovu tu? Nilimshika bega nikamrudisha ndani. Mtoa mada alikuwa anakunja waya wa kompyuta yake. Alimsikiliza, akasimama, akauliza, "Jioni umeiona wapi?" Binti akasema iko kwenye jedwali la slaidi aliyoiruka. Mtoa mada akaufungua tena ule waya, akachomeka, wakaanza kuitafuta.