Chungu kitupu kilale kifudifudi

Jumamosi iliyopita nilihesabu vyungu vyangu. Nilianza saa moja asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya majabali ya Mabatini, na hadi mwanangu ananiita chai nilikuwa nimefika 87. Vyenye mmea vilikuwa 39. Vilivyobaki vyote vitupu: vya udongo, vya saruji, vile vyeusi vya plastiki vinavyokuja na mche kutoka kitaluni, ndoo za rangi za lita 20, madumu yaliyokatwa shingo, na sufuria mbili za marehemu bibi zilizotoboka.

Anayepanda maua au mboga kwenye vyungu anajua vinavyozaana. Unanunua mche wa waridi, unakuja na chungu chake. Ukikua unauhamishia kwenye kikubwa, kidogo kinabaki. Ukifa, chungu kinabaki. Jirani akihama anakuachia vyake. Fundi rangi akimaliza kazi, nani atatupa ndoo nzima? Basi vinarundikwa nyuma ya nyumba, na kwa kuwa havina mmea hakuna anayevitazama tena.

Kilichonisukuma kuvihesabu ni mvua ya Jumanne ile. Wanaoijua Mwanza wanajua nyumba zetu za mlimani zilivyokaa: uwanja wangu uko usawa wa bati la jirani wa chini, na bati langu liko usawa wa uwanja wa jirani wa juu. Katikati ni mawe na ngazi. Mvua ya vuli ikishuka kwa nguvu, hubeba chochote kisicho na uzito au kisichofungwa. Asubuhi nikasikia naitwa kutoka chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shuka uone."

Vyungu saba vyangu vilikuwa kwake. Ndoo moja ya rangi ilikuwa imejikita kwenye mfereji wake kama kizibo, maji yakageuka yakaingia jikoni, unga na mkaa vikalowa. Nilianza kuomba radhi, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya choo. Pale palikuwa na chungu cheusi cha plastiki kimesimama wima, robo yake maji. Akakiinamisha kidogo upande wa mwanga. Viluwiluwi vilikuwa vinajipindapinda, vingi, vinapanda juu kupumua na kushuka. "Hiki kilikuja na mvua ya wiki juzi," akasema. "Mjukuu wangu anashinda hapa mchana kutwa." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo naamini kwamba mwenye vyungu vingi anawajibika zaidi kwa vile vitupu kuliko vyenye maua. Chenye mmea kina mtu wa kukiangalia kila siku. Kitupu kinaangaliwa na mbu.

Na si mbu wa malaria tunayemzoea. Huyo hupenda zaidi madimbwi ya ardhini na huuma usiku. Anayependa vyombo vya nyumbani ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Ndiye anayeeneza homa ya dengue, ile iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yakikauka hukaa hai kwa miezi yakisubiri maji yarudi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta wa ndani usuguliwe kwa brashi, ndipo chungu kifudikizwe. Kwenye joto letu, yai kuwa mbu anayeruka huchukua wiki moja hadi siku kumi hivi, kwa hiyo aliyeahidi kufanya usafi "mwisho wa mwezi" amechelewa.

Hata kufudikiza kuna namna yake. Vyungu vingi vya plastiki vina ukingo chini, kwenye matako. Ukivilaza kifudifudi, ukingo ule unakinga maji kama kisahani. Ndiyo maana sasa navilaza vikiwa vimeinama upande, kwenye kichanja.

Kichanja changu ni kile kile cha kuanikia vyombo, kirefu zaidi tu. Mirunda minne, fito za kukatiza, misumari ya inchi nne, na kipande cha bati juu. Nimekiegesha upande wa mashariki wa nyumba ili jua la mchana lisikifikie. Ngazi ya chini ni ya vyungu vya udongo, kwa sababu ya uzito. Hivi visitumbukizwe kimoja ndani ya kingine vikiwa vimelowa. Vikikaukia hivyo vinang'ang'aniana, na ukivilazimisha kuachana kimoja kitapasuka. Kati ya kimoja na kingine naweka kipande cha kanga kuukuu, na sipandishi zaidi ya vinne. Ngazi ya kati ni ndoo. Madumu yaliyokatwa ndiyo yanayokula nafasi, kwa sababu kuta zake zimenyooka na hayaingiliani. Hayo nimebakiza matatu. Juu kabisa ni plastiki nyepesi, na juu yake nimetandaza wavu wa zamani wa kuvulia samaki kutoka Mwaloni, Kirumba, nikaufunga kwenye mirunda. Upepo ule unaotangulia mvua kutoka ziwani hauna cha kubeba tena.

Vya saruji siviinui. Navifudikiza pale pale vilipo, na kila kimoja kinakuwa kiti cha chungu chenye mmea. Mchaichai wangu umekaa juu ya kimoja sasa, umependeza kuliko zamani.

Kabla chungu hakijapanda kichanjani, kioshwe. Udongo mkavu ukung'utwe, hasa ule ulioota nyanya zilizokufa kwa mnyauko, maana ugonjwa ule hukaa kwenye udongo ukisubiri mche mwingine. Halafu kiloweshwe dakika kumi kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, na kisuuzwe vizuri. Ule utando mweupe kama chumvi kwenye vyungu vya udongo unatoka kwa siki. Lakini siki na jiki visikutane kwenye beseni moja hata kidogo: vikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Leo jiki, kesho siki, na katikati maji mengi. Ndoo ya rangi isiyo na matundu isiingie kwenye akiba kabisa mpaka itobolewe kwa msumari uliopashwa moto mkaani.

Tunasema akiba haiozi. Kwa chungu cha udongo ni kweli. Cha plastiki kikiachwa juani kinaoza kwa namna yake: kinapauka, kinakakamaa, siku unakishika kinavunjikia mkononi. Nilikuwa na 14 vya namna hiyo, nimeviweka "vitafaa siku moja" hadi vikawa vigae. Na vigae vile mvua huvisomba hadi mto Mirongo, na Mirongo hauna kwingine kwa kwenda ila ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima sangara na sato walionunuliwa sokoni hapa hapa Mwanza, ukathibitisha plastiki ndani ya mmoja kati ya kila watano. Samaki tunayemnunua jioni. Vile 14 nimevifunga kwenye kiroba, vikaenda na gari la taka. Vigae vya udongo nimevibakiza. Vinafaa kuinulia vyungu ili maji yapate pa kutokea chini.

Kuna watakaosema dawa ni kuwa na vyungu vichache. Sikubaliani. Kwenye kiwanja cha mwamba kama changu, penye udongo wa luseni, yaani wa kichanga, unaojaa kiganja tu kabla hujagonga jiwe, chungu ndilo shamba. Sukuma wiki, mchicha, pilipili, kitunguu cha majani, vyote vinatoka humo, na kila vuli nahitaji vitupu vya kuanzia. Ninachopinga ni kuvilimbikiza mtu mmoja wakati jirani anapandia kwenye mfuko uliochanika.

Kumi na moja nilivishusha kwa jirani wa chini Jumapili, vimeoshwa, vitano vikiwa tayari na mchaichai na mrehani. Mama alivipanga mwenyewe kwenye ngazi zake za mawe, kidogo kwa kikubwa, akarudi nyuma kuvitazama. "Wabeja, mwanangu," akanishukuru kwa Kisukuma, kisha akachukua visahani vya chini yake kimoja kimoja akavijaza mchanga, maji yasituame. Sikuwa nimemwambia.

Vitupu vimebaki 23, pamoja na vile vya saruji. Jana mjukuu wake alipanda kuja kuomba kimoja cha kupandia mbegu ya papai. Nilimwambia achague, akachagua sufuria ya bibi.