"Nyamaza, musawo atakudunga": nani anafaidika na hofu hii?

Katika foleni ya chanjo kwenye kituo cha afya hapa Kampala, hukai muda kabla ya kusikia: "Nyamaza, la sivyo musawo atakudunga sindano." Musawo ni mhudumu wa afya. Mtoto anameza kilio, anang'ang'ania gomesi ya mama yake. Zamu inafika, anadungwa vilevile. Aliahidiwa kwamba ukimya utamwokoa.

Wanaotumia vitisho hivi wana hoja, tena si wakatili. Mama wa watoto watatu katika chumba kimoja, sigiri, jiko la mkaa, inawaka mlangoni na boda boda zinapita hatua chache mbele, hana nafasi ya kumweleza wa miaka miwili habari za moto na mwendo kasi. Anahitaji neno moja la kumzuia sasa hivi, na "Askari huyo!" hufanya kazi. Sheria ya watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 ilipiga marufuku viboko shuleni, na nyumbani nako wapo wanaojaribu kuviacha. Mmetunyang'anya fimbo, wanauliza, sasa mnataka na mdomo? Jaja, yaani bibi, naye atakuambia alilea hivyohivyo na wote wamekua.

Wanaotaka mtoto aambiwe ukweli huitwa wadekezaji waliosomea malezi kwenye simu. Naona hawasikilizwi vizuri. Hawasemi mtoto asiogope kitu. Wanasema aogope kinachostahili kuogopwa. Sigiri inachoma: ni kweli leo, ni kweli kesho, na akisogea kidogo joto lenyewe litamthibitishia. Lakini kwamba askari atamchukua kwa sababu hakumaliza posho, yaani ugali, ni uongo, na unamhusu mtu ambaye mtoto huyo huenda akamhitaji sana siku moja.

Mtoto akipotea soko la Owino Jumamosi, katikati ya mitumba na wabeba mizigo, tunataka amwendee nani? Polisi wana kitengo cha kulinda watoto na familia. Serikali ina namba ya bure, 116, ya kuripoti mtoto aliye hatarini. Ila mtoto aliyefundishwa kukimbia sare atajificha chini ya meza ya nguo huku anayemtafuta akipita. Na anayewafanyia watoto ubaya mara nyingi ni mtu aliyezoeleka nyumbani, asiye na sare wala sindano, ambaye katika vitisho vyetu vyote hatukuwahi kumtaja.

Sindano nayo ina hesabu yake. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025 ina dozi 4: miezi 6, 7, 8, kisha 18. Tatu za kwanza humkuta mtoto asiyejua kitisho ni nini. Ya nne humkuta anatembea, anaelewa maneno, sura ya musawo anaijua. Umri huohuo wa miezi 18 ndio wa dozi ya pili ya surua na rubella. Yaani "atakudunga" linaanza kumwingia akilini wakati uleule sindano zinaporudi! Na chanjo zikiisha, homa bado zipo, na kila homa ina kidole cha kutobolewa kupimwa malaria. Atakayehangaika kumshika mtoto anayerusha mateke ni mama yuleyule aliyemtisha, na safari ijayo ya kituoni inakuwa rahisi kuahirishwa.

Badala yake wanaotaka mtoto aambiwe ukweli wanapendekeza jambo dogo tu: "Itauma kidogo, itaisha, nitakushika." Wapo wanaompa mtoto bomba tupu, lisilo na sindano, amdunge mwanasesere wake wa majani makavu ya mgomba usiku wa kuamkia chanjo. Atalia? Atalia. Musawo amezoea vilio, hajawahi kuomba mtoto anyamazishwe kwa jina lake.

Mgumu hasa ni jaja. Mkamwana hawezi kumkatiza mama mkwe mbele ya watoto, na likizo nyingi watoto wa mjini wako kwake kijijini. Afadhali kumpa kazi kuliko kumkosoa: "Mama, mtoto anakusikia wewe. Kesho utamshika mkono kwa musawo?" Wengine hukubali kwa furaha. Wengine watakujibu kwamba wewe ulitishwa kwa habari za fisi kila jioni, na mbona una digrii.